Mama Koki na Pipa Lililochacha

Mama Koki hana mtoto anayeitwa Koki. Hilo lisemwe mapema, maana kila anayehamia mtaani humuuliza, "Na Koki hajambo?" naye hujibu bila hata kutabasamu, "Hajambo, leo havuji." Jina lilitoka kwenye kazi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi bomba, na katika miaka hiyo aliuona mtaa mzima kwa chini: chini ya masinki, chini ya mabafu, chini ya ngazi ambako watu huficha vitu kisha wakavisahau. Alijua nani anapiga mswaki na nani analowesha mswaki tu.

Kitu cha ajabu zaidi kwake kilikuwa pua. Mafundi wenzake walitembea na waya mrefu wa kupekenyulia mabomba. Yeye alisimama mlangoni, akavuta pumzi mara mbili, akasema. Siku moja aliingia kwa bwana mmoja mwenye kipara kinachong'aa kama sahani, akanusa, akatangaza kwamba bomba la bafuni limeziba mita mbili kutoka ukutani, na kilicholiziba ni nywele za mtu anayetumia shampuu ya tofaa. Mwenye kipara alikuwa anaishi peke yake, au ndivyo alivyokuwa amemwambia dada yake aliyeketi sebuleni. Mama Koki alifanya kazi yake kimya. Alipoondoka, maongezi ya sebuleni yalikuwa bado hayajaanza, ila yalikuwa njiani.

Pua hiyo ndiyo iliyompeleka kwenye divai.

Nyuma ya karakana ya fremu za madirisha kulikuwa na ghala refu lenye vidirisha vya juu, na ndani yake mzee aliyewahi kufundisha kemia alikuwa anatengeneza divai tangu alipostaafu. Watu walimwita Mwalimu. Miaka thelathini na moja mbele ya ubao ilimwachia tabia mbili: aliandika kila kitu kwenye daftari la mistari, na alimwita mtu yeyote "wewe wa nyuma," hata kama chumbani kuna mtu mmoja tu na amesimama mbele. Asubuhi moja bomba la maji lilipasuka ghalani. Mama Koki alipofika alimkuta maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu, suruali imekunjwa hadi magotini, mapipa kayaacha yajitetee yenyewe, na yeye yuko mbioni kuokoa madaftari.

Mama Koki alifunga maji, akakata kipande kibovu, akaweka kiungo kipya na kukizungushia tepu nyeupe. Alipokuwa anafuta mikono akanusa kidogo, kwa mazoea tu.

"Mwalimu, lile pipa la tatu kutoka mwisho lina harufu ya yai."

Mwalimu alimtazama juu ya miwani. Kwa sauti ya mtu anayesahihisha mtihani, alimweleza kwamba mapipa yote yalipimwa juzi, joto limeandikwa, na hakuna tatizo. Mama Koki akasema hilo joto yeye hajaligusa, anazungumzia yai. Mwalimu akachota kidogo, akanusa, asisikie kitu. Hapo siri yake ikatoka. Miaka thelathini na moja ya kunusa chupa za maabara, ili kuwaonyesha wanafunzi jinsi ya kutonusa chupa za maabara, ilikuwa imeiua pua yake kabisa. Ulimi lakini ulikuwa mzima. Akaonja, akafumba macho, akaonja tena.

"Wewe wa nyuma," akasema polepole, "kesho una nafasi?"

Kesho yake wakaihamisha divai ya lile pipa kwenda pipa lingine, ikamwagika kwa maporomoko madogo ili ipate hewa, na yai likaondoka kama mtu aliyegundua amekosea nyumba. Mama Koki alisimama pale na ndoo mkononi, mdomo wazi. Hakuwahi kujua kwamba kitu cha majimaji kinaweza kuugua, kisha kikapona kwa kutembezwa tu. Aliuliza maswali mpaka Mwalimu akaomba kukaa.

Kuanzia hapo akawa anakuja kukagua kile kiungo. Kiungo kilikuwa kizima kuliko yeye, lakini alikikagua Jumanne, akakikagua Alhamisi, na Jumamosi akaja kukikagua akiwa amevaa buti za mpira na kubeba chakula cha mchana. Mumewe, ambaye ni mpaka rangi na si mtu wa maneno mengi, alisema hajapata kuona kiungo kinachopendwa namna ile.

Hivyo ndivyo alivyosoma, Jumamosi kwa Jumamosi, miaka minne. Alijifunza kuchambua vichala na kutupa vilivyooza, kukamua bila kuponda mbegu, maana mbegu ikipondwa hulipiza kisasi kwa uchungu. Alijifunza kuiacha divai itulie mpaka mashapo yazame chini, kisha kuihamisha taratibu bila kuyaamsha. Yeye naye alimkopesha Mwalimu pua. Mwalimu humimina kidogo kwenye bilauri yenye mistari, mabaki ya maabara, Mama Koki hunusa, Mwalimu huandika. Tabu ilikuwa kwenye maneno. Mwalimu alitaka maneno ya kitabuni, kama matunda, maua na viungo. Mama Koki alisema alichosikia: kamba mpya, chaki iliyoloa, shati lililotoka kupigwa pasi. Kuna divai moja nyeupe aliinusa akasema ni ndani ya begi la shule siku ya kwanza ya muhula. Mwalimu akagoma kuandika upuuzi. Akafunga daftari, akaenda kwake kulala. Asubuhi akarudi, akalifungua, akaandika.

Waligombana pia, tena sana, na ugomvi mkubwa ulikuwa pampu. Mwalimu alikuwa na pampu ya umeme iliyopiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia, na aliitumia kuhamishia divai. Mama Koki aliichukia tangu siku ya kwanza. Aliyaona mabomba mengi maishani mwake, na alikuwa na hakika kwamba maji yanayosukumwa hufika yamechoka, na yanayoteremka yenyewe hufika na hamu. Kwa hiyo akaokota mabati na vyuma vya rafu za duka lililofungwa, akajenga jukwaa, akapandisha pipa juu, akateremsha mpira hadi pipa la chini, akafungua. Divai ikashuka bila sauti. Mwalimu alisimama na saa mkononi, akatangaza kwamba njia hiyo inachukua muda mara tatu.

"Tunakimbilia wapi, Mwalimu?" Mama Koki akauliza, na kweli alitaka kujua.

Mtu akimuuliza siku hizi anatengenezaje divai, atakataa neno lenyewe. Atasema yeye hatengenezi. Wanaotengeneza ni zabibu. Yeye anazitengenezea njia, kisha anaangalia pasivuje. Mwalimu akisikia hivyo hutikisa kichwa mpaka miwani inayumba. Kwake divai ni hesabu, na hesabu ikikosewa unapata siki ya kusafishia vioo.

Ndipo wakafika kwenye hamira. Mwalimu alinunua hamira maalumu ya divai, iliyokuja kwenye vipakiti vyenye maelezo kwa herufi ndogo, na kila msimu aliinyunyiza kwa kijiko kilichopimwa ili zabibu zichache. Mama Koki alikuwa ameona ule unga mweupe kwenye ganda la zabibu, ule ambao ukiupitishia kidole unabaki mstari. Alikuwa amewahi kusahau ndoo ya zabibu zilizopondwa kwa karibu wiki, akaikuta inachemka yenyewe bila moto wala kipakiti. Akawa anasema zabibu huja na hamira yao kutoka shambani, na kuzinyunyizia nyingine ni kama kumkaribisha mgeni aliyekuja na chakula chake halafu ukamnyang'anya sahani.

"Na mimi nakwambia," Mwalimu akajibu, "hiyo ni kulala mlango wazi ukitumaini atakayeingia ni mtu mwema."

Mabishano yangeendelea hivyo mpaka leo kama si magoti ya Mwalimu. Magoti yaligoma. Binti yake akataka ahamie kwake, na muuza vigae wa barabara ya pili, mtu mnene mwenye futi ya kuvuta mfukoni kila saa, akawa amekuja mara mbili kupima ghala. Alitaka kuhifadhi vigae humo. Mama Koki alipoiona ile futi ikitambaa sakafuni kuelekea kwenye mapipa alihisi kama anapimwa yeye.

Akasema anataka kuliendesha ghala mwenyewe, kwa njia yake. Mwalimu akatoa sharti kama anayetoa kazi ya nyumbani. Atengeneze pipa moja, la kwake, bila pampu, bila kipakiti, kwa hizo zabibu zake zinazojijua. Likinyweka, ghala libaki kwake, na Mwalimu atumiwe chupa zake kila msimu. Lisiponyweka, vigae. Na pipa hilo lisikae ghalani hata siku moja, asije akaingiziwa wadudu wasio na kitambulisho kwenye mapipa yake.

Hivyo pipa likaenda nyumbani, kwenye stoo iliyo pembeni ya jiko.

Lilikuwa pipa la plastiki la buluu, safi, na kwa kuwa ni fundi bomba hakuweza kuliacha pipa liwe pipa tu. Juu ya kifuniko aliweka koki ndogo ya kutolea hewa. Chini aliweka valvu kubwa yenye mpini mwekundu, akaiunganisha kwa bomba moja kwa moja hadi kwenye chemba ya maji machafu uani, ili siku ya kuosha pipa asihangaike na ndoo. Alijivunia sana lile bomba. Akajaza kreti kumi na mbili za zabibu nyeusi, vichala ambavyo Mwalimu aliviona havijapangika sawasawa, akavivua vikonyo kwa mkono kimoja kimoja, akaponda kidogo, akafunika.

Kisha hakikutokea kitu. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya. Siku ya nne alikuwa anaweka sikio kwenye pipa kabla hata ya kunawa uso. Siku ya tano mama mkwe akaja.

Mama mkwe alikuja kwa ajili ya miadi ya macho, akiwa na mfuko mmoja wa nguo na msimamo mmoja kuhusu pombe: haiingii kinywani mwake, wala nyumbani mwake, wala nyumbani mwa watoto wake. Mama Koki alilijua hilo tangu uchumba. Ghalani alikokwenda kila Jumamosi, mama mkwe aliamini anatengeneza mabomba. Kwa hiyo alipouliza stoo kuna nini, mkwewe alijibu bila kumwangalia, "Ni zabibu tu, mama." Na kweli zilikuwa zabibu. Akaongeza kwamba akipita pale asikilize, akisikia sauti yoyote ampigie simu.

Simu ililia siku ya sita, saa nne asubuhi. Mama Koki alikuwa amelala chali chini ya sinki la kinyozi, tochi mdomoni, mikono miwili imeshika bomba. Kinyozi akabonyeza simu kwa niaba yake na kuiweka kwenye spika.

"Mwanangu, hii kitu yako ya stoo imechacha."

Tochi ilimtoka mdomoni. "Imechacha?"

"Imechacha. Inatoa povu, inanguruma kama tumbo."

"Mama, una hakika kabisa imechacha?"

"Mwanangu, nimelea watoto saba. Kitu kilichochacha nakijua."

Mama Koki akacheka mpaka akagonga paji la uso kwenye sinki. Akamshukuru mama mkwe mara tatu, akamwambia hiyo ndiyo habari njema kuliko zote alizosikia mwaka huu. Mama mkwe alikuwa anajaribu kuelewa mke wa mwanawe ni mtu wa namna gani, anayefurahia kuharibikiwa.

"Sasa mimi nifanyeje?" akauliza hatimaye.

"Fungua koki tu, mama. Iache ifanye kazi yake."

Hapa inabidi kusimama kidogo. Kwa fundi, kile kidude cha juu ni koki na kile kikubwa cha chini ni valvu, na mtu akivichanganya fundi huumwa kichwa. Kwa mama mkwe, kila kinachofunguka na kufungika ni koki, na hangehangaika kupanda kigoda kufuata kidude cha juu wakati kuna kingine, kikubwa, chekundu, kinachofikika na kinachoelekea kwenye chemba. Na juisi iliyochacha, kila mtu mwenye akili timamu anajua inakwenda wapi.

Mama Koki alirudi mchana anapiga mluzi. Jikoni kulinukia sabuni. Sakafu ya stoo ilikuwa imepigwa deki, inang'aa. Mama mkwe alikuwa ameketi mezani, uso wa mtu aliyetenda wema na hasubiri kushukuriwa.

"Nimekumalizia," akasema. "Nimefungua koki, ikatoka kwa nguvu. Nikaja huku kumenya vitunguu. Sijamaliza cha pili, nikasikia imenyamaza. Nikajua imeisha, nikafunga. Pipa ningekuoshea, ila zito."

Wapo watu ambao wangepiga kelele. Mama Koki alitafuta kelele yake asiipate, maana mbele ya mama mkwe hata kelele hushusha macho. Akasema, "Asante, mama." Akatoka uani, akainua mfuniko wa chemba, akachungulia. Povu la waridi lilikuwa linazunguka taratibu. Balaa la kuwa fundi ni kwamba aliijua njia yote. Alijua divai yake sasa iko kwenye kiwiko cha pembeni ya zahanati, kwamba baada ya muda mfupi itapinda kwenye duka la vitabu, na kwamba pale kwenye mteremko wa soko itakwenda kwa hamu, kama alivyomwambia Mwalimu.

Alirudi stoo, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akakaa sana. Ndipo akasikia sauti, kitu kama mtu anayenong'ona akiwa na maji mdomoni. Akainua kifuniko. Maganda yalikuwa humo, meusi, yamejaa hadi karibu nusu ya pipa. Akazamisha mkono, na katikati ya maganda mkono ukakuta ubichi, ukakuta majimaji mazito, ya moto kidogo, yanayomtekenya vidole. Haikuisha. Maganda yalikuwa yameteremka yakajisokota kwenye mdomo wa valvu, yakaziba.

Miaka kumi na tisa alikuwa amepigana na mabomba yaliyoziba, usiku na mchana, sikukuu na siku za kazi. Hakuwahi kufikiri ipo siku atalishukuru moja. Alilipapasa lile pipa mgongoni kama ng'ombe.

Jioni alimwambia mama mkwe ukweli wote: divai, ghala, sharti la Mwalimu, vigae. Aliongea akiangalia kikombe.

"Kwa hiyo niliyoimwaga ni pombe?"

"Ndiyo, mama. Ilikuwa inaanza kuwa."

"Basi nimefanya vizuri mara mbili," akasema mama mkwe, na akaendelea kula.

Lakini hakuondoka siku aliyopanga. Macho yalikwisha kupona, akasema yanawasha. Kila asubuhi Mama Koki alimkuta amesimama kwenye mlango wa stoo, mikono nyuma, bila kuvuka kizingiti. Hakugusa kitu. Alisikiliza tu, kisha alitoa taarifa: leo inaongea haraka, leo ina kikohozi, leo imelala. Ilipolala kabisa, Mama Koki aliyakamua yale maganda kwa mkono, akapata majimaji meusi kama wino, madumu mawili na chupa kadhaa. Akayatuliza, akayahamisha kwa mteremko, akayatuliza tena. Pua yake ilimwambia mambo ambayo hakuthubutu kuyaamini.

Baada ya miezi mitano alibeba chupa moja hadi ghalani. Muuza vigae alikuwepo, anapima mlango.

Mwalimu alimimina kwenye bilauri yenye mistari. Akaiinua kwenye mwanga, na mwanga haukupita. Akaonja. Akafumba macho, kama siku ile ya yai, ila safari hii hakuyafumbua haraka. Akaonja tena. Akavuta daftari, akakosa la kuandika, akalisukuma.

"Shikilia hapo," akamwambia muuza vigae, ambaye hakuwa ameshika kitu. Kisha akamgeukia Mama Koki. "Umefanyaje?"

Lilikuwa swali dogo. Angeweza kusema ni siri ya kazi. Angeweza kusema alipunguza majimaji mapema ili maganda yabaki mengi na divai iwe nzito, na lingekuwa jambo la kweli kabisa, tena la kitaalamu, na ghala lingekuwa lake kabla jua halijageuka. Lakini wateja wake walikuwa wakimuuliza hivyo hivyo kila akitoka chini ya sinki, umefanyaje, kulikuwa na nini, na hajawahi kumwambia mtu kulikuwa na tatizo kubwa la mfumo wakati kulikuwa na soksi.

"Mama mkwe alifungua valvu," akasema. "Alidhani imeharibika. Ikaenda chemba. Ilipobaki kidogo, ikaziba."

Muuza vigae alicheka hadi futi ikajirudisha yenyewe mfukoni. Mwalimu hakucheka. Aliuliza iliyokwenda ni kiasi gani. Mama Koki akasema hajui. Na hapo ndipo Mwalimu alipokasirika kweli, kwa mara ya kwanza katika miaka minne. Wapo watu, akasema, wanaotoa majimaji mwanzoni kwa makusudi, ameyasoma hayo, na hayo ni maarifa. Ila wanajua wametoa kiasi gani. Chupa hii moja ni tamu kama ajali iliyokwisha salama, na ghala haliwezi kuendeshwa kwa ajali.

"Nipe kipimo," akasema. "Si stori. Kipimo. Jumatatu."

Mama Koki alifika nyumbani akiwa amekwisha kuipata njia, maana pipa lilikuwa lile lile, valvu ile ile, bomba lile lile la nusu inchi, na shahidi alikuwa bado hajapona macho. Siku iliyofuata alimwalika Mwalimu nyumbani. Walijaza pipa maji hadi pale zabibu zilipofika. Bomba wakalitoa kwenye chemba na kulielekeza kwenye madumu. Mwalimu akakaa na saa. Mama mkwe akawekewa ubao, kisu na vitunguu viwili.

"Shikamoo, mama," Mwalimu akasema, kwa adabu, ingawa walikuwa karibu umri mmoja na yeye ndiye mwenye magoti mabovu zaidi.

"Marahaba," mama mkwe akajibu bila kusita, na mambo yakakaa sawa tangu hapo.

Mara ya kwanza haikufaa. Mama mkwe, kwa kuwa anaangaliwa na mwalimu, alimenya kitunguu kama anafanya upasuaji, na madumu yakafurika. Mara ya pili aliharakisha ili asionekane mvivu, akajikata kidogo. Mwalimu akasema asimuwaze mtu, amenye kama siku ile. Mama mkwe akauliza atawezaje kumenya kama siku ile wakati siku ile alikuwa amekasirika. Amekasirikia nini? Akamkazia macho mkwewe. Mtu anaharibikiwa na zabibu kreti kumi na mbili halafu anacheka kwenye simu, nani asingekasirika?

"Basi kasirika, mama," Mama Koki akasema kwa upole. "Divai ile niliijua ni divai tangu mwanzo, na nilikudanganya."

Kisu kikaanza kutembea. Cha kwanza kiliisha. Kwenye cha pili, ganda likiwa limebaki upande mmoja, mama mkwe alisema, "Hapa," na Mama Koki akafunga. Madumu manne na robo. Zabibu si maji, Mwalimu akaonya, hupita taratibu zaidi, kwa hiyo wakakaa mezani wakapunguza, wakabishana, wakapunguza tena. Mwishowe Mwalimu aliandika namba moja kwenye daftari na kuipigia mstari chini. Pembeni, kwa mwandiko mdogo, aliandika chanzo cha kipimo. Mama Koki alichungulia akaona neno "vitunguu" na akajifanya hajaona.

Jumatatu muuza vigae alikuja na mkataba. Mwalimu akamwambia ghala lina mwenyewe. Yule bwana alinuna, akaeleza kwamba vigae vimekwisha kuagizwa na havina pa kulala. Mama Koki alikuwa anaangalia chini. Sakafu ya ghala ilikuwa na mashimo, na kila walipoosha mapipa maji yalikaa hapo hadi kesho yake. Akauliza ni vigae vya namna gani, vinateleza au havitelezi.

Wiki hiyo hiyo wakaanza kuviweka sakafuni. Muuza vigae alitaka sakafu iwe bapa kama meza, ndivyo inavyopendeza. Mama Koki akakataa katakata: ishuke kidogo, vidole viwili kutoka mlangoni hadi kwenye mfereji. Mwalimu akataka vidole vibadilishwe kuwa milimita. Walipomaliza safu tatu za mwanzo, hakuna aliyekubali kushindwa, kwa hiyo Mama Koki akaleta kikombe cha maji na kukimwaga taratibu karibu na mlango. Wote watatu wakachuchumaa, Mwalimu kwa msaada wa ndoo, wakayaangalia maji yakisimama, yakifikiri, kisha yakianza kwenda.